Jiwe Nyuma ya Nyumba ya Deo

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nilambe jiwe. Nilikuwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kanisani, nimetoka nyumbani Maruku alfajiri, nikidhani nitapewa meza na kalamu. Mjiolojia Mwandamizi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mwandamizi kana kwamba ndilo jina alilobatizwa, akaniwekea mkononi bonge la mwamba lenye vumbi.

"Lamba," akasema.

Nilimtazama nikitafuta tabasamu. Hakuwa nalo. Nikalamba. Pale ulimi ulipopita vumbi likatoka, na chembe zikaonekana wazi, nyeupe na nyeusi, zimelala upande mmoja. Ndivyo tulivyofanya kazi, ninyi mnaopiga picha kwa simu na kusubiri simu iwatajie jina la jiwe. Sisi tulilamba, tukagonga kwa nyundo, tukatafuna kidogo. Tope safi halina kelele mdomoni. Likiwa na mchanga, meno yanakwaruza. Jino langu moja la mbele limekatika kwa ajili ya serikali.

Nilikuwa fundi sanifu, yaani si mjiolojia kamili. Kazi yangu ilikuwa kubeba dira, kusoma vipimo na kuviandika katika daftari la porini. Daftari liliandikwa kwa wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, halafu unaandika sahihi pembeni na kutia saini. Kufuta ilikuwa dhambi. Siku moja Mwandamizi alikuta nimekwangua namba kwa wembe, akanirudisha peke yangu mlimani kilomita saba kwenda kuipima upya. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa baba yangu, na baba hakuwa mpole.

Kwa wasioijua ardhi yetu, nieleze kidogo. Hapa Bukoba mjini tunakaa juu ya mawe ya mchanga, matabaka yaliyolala karibu tambarare, ndiyo yale majabali yanayoonekana ukitazama juu kutoka ufukweni. Lakini ukienda magharibi mwa Muleba, kuelekea Karagwe, unakuta miamba geu. Zamani sana ilikuwa mchanga na tope chini ya maji. Ikafukiwa, ikabanwa, ikapikwa na joto la ardhini mpaka ikageuka kitu kingine. Mchanga ukawa kwatsaiti, jiwe gumu linalorusha cheche ukiligonga. Tope likawa filaiti, jiwe laini linalong'aa, likilowa linateleza kama kipande cha sabuni. Matabaka hayo hayakubaki yamelala. Yalikunjwa na kuinama. Kipimo cha kuinama huko tunakiita mwinamo, na katika mwinamo ndimo ilimo hofu ya maisha yangu yote.

Mwandamizi alikuwa na sharti moja kuhusu mwinamo. Usiandike mpaka umepima sehemu tatu zilizoachana. "Jiwe moja linaweza kuwa mgeni," alikuwa akisema. "Limeanguka kutoka juu, limelala hapo miaka mingi, limeota majani, unadhani ni mwenyeji. Mwenyeji ni mwamba asilia, ambao haujawahi kuhama. Pima sehemu tatu ndipo useme."

Nilikuwa na miaka mitatu kazini baba alipofariki, na mdogo wangu Deo akarithi kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Shamba hilo liko Muleba, upande huo huo wa miamba geu, chini ya mlima. Maruku nilikaa kwa mama mdogo kwa ajili ya shule. Deo alikuwa ameoa na alitaka kujenga nyumba ya matofali. Alipokuwa akichimba msingi alikutana na jiwe kubwa lililotokeza kwenye mteremko. Akanitumia ujumbe: njoo, wewe ndiye mtaalamu wa familia.

Nilikwenda kwa likizo ya Krismasi. Majirani walikuwa wamejaa uani, na katekista wa kigangoni alikuwepo. Nilitoa dira yangu kwenye mkoba wa ngozi, nikaiweka juu ya jiwe, nikaona matabaka yanainama kuingia mlimani. Mwinamo wa namna hiyo ni salama. Jiwe linaegemea mlima, haliwezi kuteleza kuja kwako. Nilipaswa kwenda sehemu mbili zaidi. Juu palikuwa na kichaka cha miiba, nami nilikuwa nimevaa gauni jipya, na watu wananitazama. Nikainuka nikajipangusa mikono.

"Huu ni mwamba asilia," nikasema. "Jenga, Deo. Hata wajukuu wako hawatauona ukisogea."

Wanawake walipiga vigelegele. Wifi yangu Edisa alinipa kahawa za kutafuna kwenye kijikapu kipya, kama mgeni wa heshima, nami nilizitafuna kwa maringo.

Mwaka uliofuata ofisi ilipangiwa kuchora ramani ya eneo lile. Tulipanda mlima ule mimi, Mwandamizi na wabebaji wawili, kutokea upande wa pili. Kule juu Mwandamizi alisimama ghafla, akaniita kwa kidole. Mbele yake mlima ulikuwa na pengo, kana kwamba mtu ameng'oa jino. Akaonyesha bondeni, kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba mpya ya matofali.

"Lile lilitoka hapa," akasema. "Likapinduka njiani. Weka dira."

Niliweka.

"Ngapi?"

"Nyuzi thelathini na tano, Mzee."

"Kuelekea wapi?"

"Bondeni."

Tulipima sehemu ya pili, na ya tatu. Zote bondeni. Kisha Mwandamizi akapiga magoti akanionyesha kilichokuwa kibaya zaidi. Kando ya lile pengo kulikuwa na bamba jingine la kwatsaiti, kubwa kuliko lile lililoteremka, limekalia filaiti laini, na nyuma yake kuna ufa. Aliingiza kiganja chake ndani ya ufa kikaenea. Ndani hapakuwa na kuvu wala mizizi. Ufa wenye kuvu ni wa zamani, umetulia. Huu ulikuwa msafi, maana yake ulikuwa bado unafunguka. Maji ya mvua yakiingia humo yanakwenda kulainisha filaiti chini.

"Ile nyumba ni ya nani?"

Huko chini nilimwona Edisa akianika kahawa uani, mkono mmoja kiunoni, mimba ya miezi saba imemtangulia.

"Ya mkulima tu, Mzee."

"Shuka ukawaambie wahame kabla ya masika. Wasilale tena pale. Sisi tutakungoja."

Nilishuka. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, naapa. Lakini Deo aliponiona alimwita jirani yake aliyekuwa akipita na mkungu wa ndizi, akamwambia, "Huyu ndiye dada yangu aliyepima. Kampuni zinalipa watu kwa kazi hii, mimi nilipimiwa na damu yangu." Edisa akaleta bitoke, ndizi za kupika, na maharage, akaketi kwa shida, akacheka kwamba mtoto anapiga teke akisikia sauti yangu. Ilikuwa nyumba waliyoiuzia ng'ombe. Nilikula. Nilifikiri juu ya aibu, nikafikiri pia kwamba Mwandamizi akijua ni mimi niliyesema jengeni baada ya kupima jiwe moja, kazi imekwisha. Nikanawa mikono nikapanda mlima.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, Mzee. Wamekubali."

Akachukua daftari akaandika kwa mkono wake, kwa wino: Wakazi wameonywa. Akanipa nitie saini, nikatia.

Hicho ndicho nilichofanya. Kazi nyingine zote nilizifanya vizuri. Nilihamishiwa maabara, nikafundishwa kusaga jiwe mpaka linakuwa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ili lisomwe kwa darubini. Nilihamishiwa kitengo cha visima, nikakaa mikoa mitatu tofauti. Mkuu wa Maabara, mama mmoja mkali aliyevaa miwani miwili kwa zamu, aliandika kwenye ripoti yangu kwamba mimi ni mtumishi mwangalifu kupita kiasi. Aliiandika kama sifa. Nilikuwa mwangalifu kwa sababu nilikuwa na hofu, na hofu hiyo haikunipa hata siku moja ya kupumzika.

Masika yakianza nilikuwa silali sawasawa. Zamani niliandika barua. Simu zilipokuja nikawa napiga. "Deo, mvua inanyesha huko?" Yeye alicheka. Aliwasimulia watu kijijini kwamba ana dada anayempenda mpaka wingu likitanda anampigia. Mtoto alizaliwa, Jovin, wakafuata wasichana wawili. Kila mmoja nilimletea nguo za ubatizo, na kila mara nilipoingia uani nilitazama juu kabla ya kusalimia. Mara ngapi nilifungua mdomo? Sikumbuki. Kila mwaka uliopita ulifanya maneno yawe mazito zaidi, kwa sababu ningepaswa kueleza pia ule mwaka uliopita.

Kuna siku ardhi ilitikisika huku kwetu Kagera, na waliokuwepo hawahitaji kuambiwa. Nilipiga simu mara ishirini, mtandao haukushika. Nilikaa chini sakafuni nikijua wamekufa na nimewaua mimi. Jioni Deo akapiga mwenyewe, ana furaha. "Nyumba za wengine zimebomoka, yangu imepata nyufa kidogo tu. Mwamba wako, dada." Nilizima simu kabla hajamaliza.

Nilistaafu nikarudi Bukoba kukaa Kitendaguro, nyumba ndogo, migomba michache. Kwenye sherehe ya kuniaga walinipa ramani ya lile eneo, imewekwa kwenye fremu, kwa kuwa jina langu liko pembeni miongoni mwa walioichora. Kuna alama ndogo pale inayoonyesha mwinamo kuelekea bondeni, na chini yake kijumba cheusi. Mkuu wa Kituo, kijana wa juzi, alisema kwenye hotuba kwamba sina doa. Nilipiga makofi pamoja na wengine, kisha sikujua mikono niiweke wapi.

Halafu Jovin akapiga simu. Anataka kuoa, ameanza kuchimba msingi ubavuni mwa nyumba ya baba yake. "Shangazi, nataka uje uweke jiwe la kwanza. Ulimpimia baba, utupimie na sisi."

Nilikwenda. Msingi ulikuwa umeingia mlimani, wamekata mguu wa mteremko, na maji machafu yalikuwa yakichuruzika kwenye ukuta wa udongo. Nilijua maana yake: maji yameshafika chini, mlima unalegea. Watu walikuwa wamekusanyika kama ile Krismasi, katekista mpya, bia ya ndizi kwenye madumu. Jovin akaniletea mwiko na saruji.

"Msijenge," nikasema. "Na ninyi wa nyumba ile, tokeni. Nilikosea. Jiwe lile ni mgeni, na juu kuna jingine litakalokuja. Nilisoma vibaya."

Edisa aliinuka, akaingia jikoni akaepua maharage, hakutoka tena. Deo alinitazama, akasema, "Nionyeshe."

Tulipanda wawili, wazee, tukipumzika kila hatua kumi. Katika ule ufa ambamo Mwandamizi aliingiza kiganja, Deo aliingia mwili mzima, ubavu kwa ubavu, mpaka nikamvuta shati atoke. Alikaa kwenye majani akajipangusa vumbi.

"Mtu hukosea," akasema. "Hata daktari hukosea."

Nilikuwa nimekiri kosa la dira. Sikusema niligundua lini, naye akili yake ilimwambia ni baada ya kustaafu, labda katika vitabu vyangu. Nilimwacha aamini hivyo. Mjue jinsi nilivyokuwa mwoga, hata saa ile.

Usiku huo, wote walilala shuleni. Asubuhi Deo alikuja na ngazi na nyundo, aokoe bati na mbao kabla mvua haijarudi. Edisa na mabinti walibeba vyombo hadi barabarani bila kunitazama. "Wewe utanishikia ngazi," Deo akaniambia. Nikashika. Mgongo wangu ulikuwa umeelekea mlima, na kila kokoto lililobingirika nilibana macho. Deo aling'oa misumari taratibu, asitoboe bati, akawa ananishushia moja moja, nami nampa Jovin ayapange kando ya njia.

Bati la sita au la saba, Deo alitazama chini akaona ninavyotetemeka mpaka ngazi inatetemeka.

"Unaogopa, dada?"

"Naogopa."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu jana.

"Tangu Edisa alipokuwa na mimba ya Jovin," nikasema.

Nyundo ilinyamaza juu. Jovin alikuwa ameinama anapanga bati, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyelala chini ya bamba lile tangu siku aliyozaliwa. Aliinuka akanigeukia, bati bado liko mikononi mwake.