Mama Brashi na Mikono ya Bibi Harusi

Kumepambazuka sasa hivi. Mama Brashi anaburuta kiti mpaka dirishani, anazima taa, halafu anafanya jambo ambalo wanawake waliojazana kitandani hawakulitegemea: anachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu na kujifuta uso wake mwenyewe.

Rangi inatoka. Mabaka meupe yanajitokeza, moja limezunguka jicho la kushoto, jingine limeteremka kutoka shavuni hadi kidevuni. Shingo zote zinanyooka kumtazama. Hata mtoto aliyekuwa akililia biskuti amesahau kulia.

"Msinikodolee macho, sijageuka jini," anawaambia. "Huu ndio uso wangu. Ule mlioufungulia mlango niliutengeneza leo nyumbani. Bibi harusi, umeiona kazi yangu? Haya, kaa."

Kicheko kinapasuka, na bibi harusi, mwalimu wa chekechea, anakaa.

Hivyo ndivyo Mama Brashi anavyoanza kila harusi. Wapambaji wengine hutembea na picha za kazi zao. Yeye hutembea na uso.

Mabaka yalimwanza akiwa darasa la nne. Hayaumi wala hayaambukizi, lakini nani angewaambia wenzake? Dawati lake likabaki la mtu mmoja. Mwaka uliofuata akaacha shule, akawa anachanganya poda za mama yake kwenye kisosi, akitafuta rangi ya ngozi yake.

"Dukani kulikuwa na rangi tatu," anakumbuka. "Ya mweupe, ya mweusi, na moja ya maiti. Yangu haikuwepo. Ikabidi niipike mwenyewe."

Alipokua akapata kazi saluni, ya kufagia na kufua taulo. Mwenye saluni hakuwa mtu mbaya, anasema, ila alimweka chumba cha nyuma. "Aliniambia, 'Mwanangu, wateja watashtuka.' Nikafua taulo zangu huko huko nyuma, lakini masikio niliyaacha mbele."

Siku mpambaji mkuu alipougua, bibi harusi akiwa ameshafika na machozi yameanza, aliyetolewa nyuma ni yeye na kisosi chake. Tangu siku hiyo hajashika ufagio wa mtu. Sasa malipo ya bibi harusi mmoja yanatosha kodi ya mwezi, na mdogo wake anasoma chuo kwa brashi hizo hizo.

Masharti yake ni makali. Mwezi mzima kabla ya harusi, uso haupokei mgeni: hakuna krimu mpya, hakuna sabuni ya kusifiwa na jirani. Ni kunawa, kupaka mafuta uliyoyazoea, kunywa maji na kulala. Rangi huijaribu kwanza chini ya taya, tena kwenye mwanga wa dirisha. "Taa ina unafiki," anasema. "Inakusifu ndani, ukitoka nje inakukana."

Bibi harusi wa leo aliyafuata yote. Tatizo ni jingine. Naye ana mabaka, kuzunguka mdomo na kwenye mikono yote miwili hadi viwiko. Bwana harusi anayajua na hana neno. Wageni ndio wanaomnyima usingizi.

Mdomo ni kazi nyepesi. Lakini mikono? Siku ya majaribio walipaka rangi ikakaa vizuri kabisa, mpaka alipojishika kiunoni. Vidole vitano vya kahawia vikabaki kwenye shuka jeupe alilojifunga badala ya gauni. Fikiria gauni lenyewe. Fikiria mashati ya watu atakaowakumbatia.

Shangazi yake amekuja na jibu: glavu nyeupe ndefu.

"Mwanangu, vaa tu," anambembeleza. "Watu watakodolea macho mikono badala ya pete."

"Shangazi, na jua hili? Nitaiva."

"Bora uive kuliko usemwe!"

Bibi harusi anamgeukia mpambaji. "Na nikiziacha? Mdomo nimeficha, mikono nimeacha. Si nitaonekana muongo?"

"Hereni ni uongo? Wanja ni uongo?" Mama Brashi anamjibu huku akimalizia kope. "Kujipamba ni kwako. Unapaka unapotaka, unaacha unapotaka. Mimi leo naingia ukumbini na uso huu huu. Wakichoka kutazama mikono yako, waje kwangu, nitawahudumia."

Shangazi anabana midomo asicheke, anashindwa.

Bibi harusi anaitazama mikono yake dirishani, anaigeuza juu na chini kama anakagua madaftari ya watoto. Kisha anamrudishia shangazi glavu. "Zikunje. Ila nipake rangi ya kucha. Nyekundu ile ya kupiga kelele."

Ukumbini, pete inapoinuliwa, anaunyoosha mkono wake moja kwa moja, na kucha zinawaka juu ya baka jeupe. Watoto wa chekechea, waliokaa mstari wa mbele, wanasimama na kushangilia: "Mikono ya mwalimu! Mikono ya mwalimu!" Wao wameishika kila asubuhi, hawana la kushangaa. Shangazi ndiye anayepiga vigelegele vya kwanza, glavu zimechungulia kwenye pochi yake.

Mama Brashi amesimama karibu na mlango, uso mtupu, akipokea wanawake wanaotaka namba yake. Mmoja amemletea binti mdogo mwenye baka dogo shingoni.

Mwezi ujao anahamia chumba cha saluni alichokodi mwenyewe, chenye kioo kikubwa kinachotazama barabarani. Kiti cha kwanza ameshakinunua.

"Sitaweka pazia," anasema. "Na hicho kiti, wateja wakiwa bado hawajaja, nitakikalia mimi. Kule mbele."