Nilivyorudi Benchini kwa Jepkoech

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mpira. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha michezo katika shule ya wasichana karibu na Moi's Bridge, na nilifika na raba mpya miguuni nikitarajia kukuta uwanja. Mwalimu mkuu, mama mfupi aliyezungumza polepole, alinipeleka nyuma ya mabweni akanionyesha nyasi zilizonifika kiunoni.

"Uwanja uko hapo chini," akasema. "Utafute."

Niliazima fyekeo, tukafyeka na wasichana mpaka jioni. Kabla ya muhula kwisha tulikuwa na nguzo mbili za mkalitusi, wavu wa kamba tulizofumua kwenye magunia ya mahindi, na timu ya voliboli.

Baadaye nilihamishiwa Timboroa. Baridi ya kule iliufanya mpira kuwa mgumu kama jiwe, na msichana akiupokea vibaya mikono ilimvimba. Nililazimika kufundisha mapokezi kwa makini, yaani kuupokea mpira wa kwanza ukiwa umekunja magoti na kunyoosha mikono, ili upande taratibu kwa seta. Seta ndiye anayegusa mpira wa pili na kumwinulia mshambuliaji aupige. Siku moja mkaguzi wa michezo alikuja amejifunika koti zito, akatazama mazoezi, kisha akaniuliza kama ningekubali kwenda kufundisha voliboli katika chuo cha ualimu, Eldoret. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.

Chuoni ndiko nilikozeekea. Timu yangu ilicheza na maseta wawili, mmoja kila upande, ili kukiwa na shida awepo wa kumsaidia mwenzake. Ulikuwa mchezo wa subira, na ulituletea vikombe. Seta bora niliyewahi kumfundisha alikuwa Jepkoech, binti mwenye macho makali aliyejua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa. Alihitimu, akaenda kufundisha mbali, lakini hakuacha kunipigia simu kila Krismasi.

Nilipokaribia kustaafu, mkuu wa chuo aliniita ofisini. Aliniahidi kwamba ningebaki na timu mwaka mmoja zaidi, nimkabidhi taratibu atakayenirithi. Nikaenda nyumbani nimeridhika. Wiki ya mwisho ya muhula alisimama mbele ya chuo kizima, akanishukuru, akanipa blanketi, kisha akatangaza kwamba timu inachukuliwa na Jepkoech kuanzia siku hiyo. Jepkoech alikuwa ameketi jukwaani, akinitabasamia.

Nilipiga makofi kama wengine. Halafu nikarudi kwangu Cheptiret, nikalima viazi, na sikukanyaga chuoni tena. Nilisikia kwa watu kwamba ameondoa maseta wawili na sasa timu inacheza na mmoja, mipira ya haraka haraka. Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni kwamba kama ningeulizwa nani achukue timu, ningemtaja yeye. Na hakuja kuniambia, na simu za Krismasi zikakoma.

Ilipita miaka kadhaa. Asubuhi moja nikiwa shambani nilimwona akipanda njia ya kwangu, akiwa mjamzito, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilimkaribisha chai. Akaeleza kwamba mashindano ya vyuo yangefanyika Eldoret, chuoni kwetu, na daktari alikuwa amemwamuru alale hospitali kuanzia kesho yake hadi ajifungue. Wafula, msaidizi wake ambaye pia alikuwa msaidizi wangu, alikuwa hajapata leseni ya ukocha. Timu isiyo na kocha mwenye leseni kwenye benchi huondolewa. Leseni yangu ilikuwa bado hai.

Nilimuuliza mbona anakuja sasa, na hakuja siku alipochukua nafasi yangu.

Aliweka kikombe chini. "Mwalimu, niliambiwa ni wewe ulinichagua. Mkuu alisema umechoka, unataka niingie mara moja, na ati hutaki mambo ya kuagana. Nikakuona ukipiga makofi, nikaamini. Halafu hukurudi uwanjani. Nikajua umeona kazi yangu ukaichukia."

Nikamweleza ahadi niliyopewa mimi ofisini. Chai ikapoa.

Kesho yake niliingia ofisini kwa mkuu wa chuo bila miadi. Nilimwambia timu nitaisimamia, lakini kwanza anieleze. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Bodi ilitaka sura mpya, Mama. Nilishindwa kukuambia usoni. Nikaona kila mmoja akidhani mwenzake amekubali, hakuna atakayeumia."

"Tumeumia wawili," nikasema. "Na utayasema hayo mbele ya Jepkoech, uwanjani, wachezaji wakisikia."

Alijaribu kunishawishi tuyamalize pale pale ofisini. Sikuinuka kwenye kiti mpaka alipokubali. Jioni hiyo, kabla Jepkoech hajapelekwa hospitali, mkuu alisimama kwenye matope na suti yake akayasema yote. Jepkoech alinishika mkono na hakuuachilia mpaka mkuu alipomaliza.

Wafula alinifundisha ishara za mchezo wao mpya. Haikuwa rahisi, mambo yao yalikwenda mbio kuliko macho yangu. Tulifika fainali, na katika seti ya mwisho tukaachwa nyuma. Mkufunzi mmoja wa zamani akanipigia kelele kutoka kwa watazamaji nirudishe maseta wawili. Nikaomba mapumziko. Kapteni akaja akihema.

"Mwalimu, tucheze ule wako?"

Moyo wangu wote ulitaka kusema ndiyo. Nikamuuliza ni nani anayewafundisha.

"Madam Jepkoech."

"Basi rudini mcheze alivyowafundisha."

Walirudi wakacheza hivyo, haraka vilevile, na wakashinda kwa taabu. Nilikwenda hospitali na jezi yangu ikiwa imelowa jasho. Jepkoech alikuwa ameshapata matokeo kwa simu. Alitaka kujua jambo moja tu, kama nilibadilisha mchezo. Nilipomwambia sikubadilisha, alijifunika uso kwa shuka, akalia.

Ninyi mnaopewa timu leo, nendeni kwa aliyewatangulia kabla hamjaingia uwanjani. Msitume mtu, na msimwachie mkubwa wa ofisi. Na ukiwa wewe ndiwe unayeondoka, usikae na swali nyumbani. Liulize.

Siku hizi Jepkoech huniita mazoezini, mtoto akiwa mgongoni mwa yaya, na mimi huja kutoka Cheptiret. Tunabishana sana. Juzi tulibishana kuhusu maseta mpaka Wafula akatuachia uwanja akaenda zake kunywa chai. Sijashinda ubishi hata mmoja, kwa sababu timu ni yake, na kila mara nikikumbuka hilo naokota mpira, nawatupia wasichana, tunaendelea.