Uji Kwanza, Ndipo Bukari

Siku yangu ya kwanza kazini niliaibika mbele ya madereva wote. Nilikuwa nimetoka Butembo, huko Kivu, kijana mwenye kiburi, nikaajiriwa mpishi katika kantini ya kampuni moja ya malori hapa Lubumbashi. Maji yalipochemka nikamwaga unga wote mara moja, nikasonga bukari, yaani ugali, kwa nguvu. Kwetu ndivyo tunavyosonga muhogo. Lakini huu ulikuwa unga wa mahindi, nao hautaki haraka: unakoroga uji mwepesi, unauacha utokote mpaka uive, ndipo unaongeza unga na kusonga.

Mama Jeranti, msimamizi wa kantini, alionja tonge akalitema.

"Aka! Hii bukari iko mubichi! Weye papa, unatoka wapi?"

"Butembo, Mama."

Madereva wakacheka. Yeye hakucheka. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa hapa, na bado watu walimwita mgeni. Akashika mwiko.

"Angalia mikono yangu. Uji kwanza. Ukijua hii, hakuna muntu atakuuliza tena."

Alinidanganya, masikini! Nilihamishiwa Mokambo, kuwapikia madereva waliosubiri forodha mpakani. Huko mkuu wa depo alisifu bukari yangu kila mchana, kisha akauliza: "Muntu wa Kivu, utarudia kwenu siku gani?"

"Nikistaafu, shefu."

Nilijibu hivyo miaka yote, na sikuwa natania. Nilisonga mahindi huku nikitamani bukari ya muhogo ya nyumbani, ile inayovutika mkononi.

Nilipostaafu niliuza kitanda na viti, nikaenda Butembo nikiwa na nia ya kukaa huko mpaka kufa. Dada yangu Kavira alinipokea kwa vigelegele, akaingia jikoni. Nikakaa nikimeza mate. Akafunua sahani: bukari nyeupe, ya mahindi.

"Yaya, kaka yangu, nimezunguka soko yote kutafuta huu unga. Najua ninyi watu wa Katanga, wa kule Lubumbashi, hamushibake na muhogo."

Nikamega tonge. Ilikuwa mbichi. Kavira alikuwa amemwaga unga wote mara moja.

"Iko muzuri, Yaya?"

"Muzuri sana," nikasema, machozi yakinilenga, nikamaliza sahani.

Sasa nimerudi Lubumbashi, nimepanga chumba Makomeno. Majirani bado wananiuliza nitarudi lini kwetu. Nawaambia nilishakwenda, na nilipokelewa vizuri sana, kama mgeni.