Kijiji chetu kilikuwa na Mkuu wa Ndoo, ila hakikuwa na wa kuzibeba

Wakuu, habari za jioni.

Kabla hamjanirushia mawe: naandika niliyoyaona kwa macho. Mashahidi wapo upande wa Kaliua, na mmoja nimemuoa.

Mimi niliishia darasa la nne. Leo nina malori na ghala pale Tabora mjini, na wenye digrii wananiamkia shikamoo kila asubuhi. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Juzi vijana wangu wa ofisini waliniletea emergency plan, mpango wa dharura moto ukiwaka. Boksi juu ya boksi, kila boksi cheo. Nikacheka mpaka chai ikanipalia.

Turudi enzi za Ujamaa.

Kijiji chetu kilikuwa cha tumbaku. Tumbaku inakaushwa ndani ya bani, kijumba cha udongo chenye bomba la moto chini. Jani moja likidondokea bomba, umekwisha.

Basi Katibu wa kijiji akaenda semina mjini. Akarudi na kalamu mbili mfukoni na neno "muundo". Kijiji kisicho na muundo wa dharura, akasema, bado kiko mikononi mwa mkoloni.

Mkutano mzima tukagawana vyeo. Mkuu wa Filimbi. Mkuu wa Mchanga. Mkuu wa Kuhesabu Watu. Mimi, kwa uhodari wangu, Mkuu wa Ndoo.

Aliyekosa alinuna, akaundiwa chake. Tukawa hadi na Msaidizi wa Mkuu wa Ngazi. Ngazi yenyewe hatukuwa nayo.

Mmoja tu alikataa: Mzee Kalunde, mpiga ngoma ya kulimia. Kwetu shamba kubwa hulimwa kwa ngoma, majembe yanapanda na kushuka pamoja.

"Mikono yote miwili iko kwenye ngoma," alisema. "Cheo nitakishika na nini?"

Huyo ndiye baba yake Nyamizi, binti niliyemposa. Mahari yangu yote ilikuwa ndani ya bani moja, tumbaku yangu ya kwanza.

Mmeshajua lililoungua.

Mchana, jua kali, moshi huo. Filimbi ikalia. Watu wakaja mbio, na kila mmoja akasimama kwenye nafasi yake, kifua mbele.

Nikapaza sauti, "Ndoo!"

Mwenzangu naye, "Mchanga!"

Mkuu wa Kuhesabu Watu akaanza kutuhesabu.

"Ndugu Katibu, nani anabeba?" nikauliza.

"Ndugu, hiyo ni kazi ya wabebaji."

"Wabebaji ni akina nani?"

Akatutazama mmoja mmoja. Wakuu watupu.

Nyamizi akatokea na ndoo kichwani. "Wee mkuu! Mahari yangu inageuka jivu, wewe umeshika kiuno?"

Nikampokea ile ndoo, nikakimbia. Wa kwanza kujivua cheo ni mimi, naomba historia iandike hivyo.

Mara tukasikia ngoma. Mzee Kalunde alishafika, anapiga mdundo ule ule wa shambani. Jamani, mikono ikakumbuka kazi yake! Mstari ukajipanga wenyewe toka kisimani, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Hata Katibu aliinama kupokea, kalamu zikamdondoka matopeni.

Nusu ya tumbaku ikapona.

Nikamwendea mzee, uso chini. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Nusu inatosha. Mkuu wa Ndoo nisingempa binti. Mbeba ndoo nampa."

Kikao cha tathmini kikagundua kasoro moja tu: kijiji hakikuwa na Mkuu wa Ngoma. Cheo hicho akapewa Katibu yule yule.

Nilichojifunza: kabla hujampa mtu cheo, mwambie atashika nini. Vijana nimewarudishia plan yao. Sasa kila boksi lina jina la mtu na kitu cha mkononi.

La juu kabisa, la kwangu, walikwama: bosi anashika nini? Nikampigia Nyamizi simu.

"Ndoo," akasema, akakata.

Haya, ofisini kwako moto ukiwaka saa hii, wewe unashika nini? Semeni ukweli, bosi wenu hayumo humu.