Mashine ya Bwana Yangu

Kwetu Kasongo noti haikai. Inaliwa na ugonjwa, inaombwa na ndugu, inachakaa mfukoni. Kwa hiyo mtu akipata kidogo anakigeuza haraka kuwa kitu kigumu: bati, sufuria kubwa, godoro, baiskeli. Ukienda kumsalimia mtu, macho yako yanapanda kwenye mabati yake kabla hujabisha hodi, na usinidanganye kwamba wewe hufanyi hivyo.

Mama yangu aliigeuza sabuni kuwa cherehani. Alikuwa akipika sabuni kwa mafuta ya mawese, akaibeba kichwani hadi Lusangi kuwauzia wachimbaji wa dhahabu. Pesa ilipotimia baada ya miaka mingi alimpa baba, kwa maana kununua kitu kikubwa kama kile sokoni ni kazi ya mwanamume. Baba akarudi anasukuma baiskeli, cherehani ya miguu imefungwa nyuma kwa mipira. Mtaa mzima ulimwona, na mtaa mzima ulimpongeza yeye.

Tangu siku ile mama aliiita mashine ya bwana yangu. Mteja akija kuulizia nguo yake, anajibiwa, "Mashine ya bwana yangu inasumbua leo, mama. Urudi kesho." Wanawake wa kwetu hufunzwa hivyo kabla ya kuolewa: ukisema "changu" ndani ya nyumba ya mume, umemvua nguo mbele za watu. Baba alikuwa mtu mwema, na alipenda kuyasikia maneno hayo. Alikuwa akijifanya hasikii, huku anainyoosha kola ya shati lake.

Cherehani ile ilikuwa inalisha watu wengi kuliko shamba. Shule zilipokaribia kufunguliwa, mama alishona mashati meupe na sketi za bluu za nusu ya watoto wa mtaa. Muuza nyuzi alimtegemea, muuza vifungo pia, na mzee mmoja mwenye pasi ya mkaa alikaa barazani kwetu kunyoosha kila kilichotoka mashineni. Mimi nilimaliza shule kwa cherehani hiyo. Mdogo wangu wa kike alikuwa anafuata, naye ana akili kunishinda, nasema wazi.

Kisha baba akafa. Aliumwa tumbo wiki moja tu, basi.

Ndugu zake walikuja kutoka Wamaza, kule Kabambare, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu. Walilia vizuri. Siku ya kuondoa matanga wakaketi kwenye mikeka yetu, na vitu vya nyumba vikatolewa nje kimoja kimoja. Desturi ni hii: alichoingia nacho mwanamke kinabaki kwake, alichonunua mwanamume kinarudi kwa ukoo wake. Masufuria ya mama yalibaki, maana dada zake walikumbuka siku alipoyaleta. Baiskeli ikaenda, redio ikaenda. Godoro nalo likaenda, godoro ambalo baba alikuwa amefia juu yake.

Ndipo wakaitoa cherehani.

"Na hii mashine iko ya nani?" akauliza kaka mkubwa wa baba.

Mama akainua kichwa. "Iko yangu, shemeji. Nilinunua na pesa ya sabuni."

Nilimwona jirani yetu, rafiki wa mama wa siku zote, akiangalia chini. Wakamuuliza. Yeye si mwongo, na laiti angekuwa mwongo siku ile.

"Mimi nilimuona baba anaileta," akasema. "Na mama yeye mwenyewe kila siku anasema mashine ya bwana yangu. Sisi wote tulisikia."

Wanawake wengine wakaitika. Walisikia kweli. Baba mkubwa akamgeukia mama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Shemeji, jana mashine ilikuwa ya bwana yako. Leo bwana iko chini ya udongo, mashine imekuwa yako? Watu watafikiri nini juu ya kifo chake?"

Neno lile la mwisho lilikuwa kisu, na kila mtu pale alikiona kikitoka. Mjane akishadokezwa kwamba alimuua mume, akibishana anajichimbia shimo. Najua iko sheria ya kumlinda. Lakini sheria inakaa ofisini, na wazee walikuwa wamekaa uani kwetu.

Waliifungua cherehani, kichwa wakakipakia kwenye baiskeli ya baba, miguu ya chuma kwenye pikipiki. Baadaye tulisikia kwamba iko chini ya kitanda kule Wamaza, imefunikwa vizuri, kwa sababu hakuna ndugu hata mmoja anayejua kushona. Ingekuwa inamlisha mtu, yeyote, ningepumua.

Mzee wa pasi aliendelea kuja barazani siku chache, kwa mazoea, kisha akaacha. Muuza nyuzi alihamia kwenye chumvi. Mama alirudi kwenye sabuni, lakini magoti hayakuwa yale ya zamani, na Lusangi ni mbali. Akawa analima mashamba ya watu. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, akarudi shuleni, akarudishwa tena. Nami nilikuwa nimeolewa, nina watoto, na mshahara wa mume wangu wa kufundisha unakuja unapotaka.

Mwaka uliofuata watu wengine wa Kabambare, wasio wa ukoo wa baba, walikuja kumposa mdogo wangu. Mchumba alikuwa na pesa ya dhahabu. Wakataja mbuzi, vikwembe vya wanawake kujifunga, majembe. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mbele ya pande zote mbili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Muongeze mashine ya kushona. Na wote musikie: hiyo mashine iko yangu mimi, mama ya mutoto. Haiko ya mwanaume yeyote."

Wakakubali bila kupunguza neno. Nilimvuta mama jikoni nikamwambia mtoto huyu hajamaliza shule. Akaniambia, "Atamaliza na nini?" Nilimchukia mama siku ile, na nilimwonea huruma, vyote pamoja, na hadi sasa sijaweza kuvitenganisha.

Mashine ililetwa ikiwa mpya, bado ina karatasi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa nguo ya harusi ya mdogo wangu. Mama alimsimamisha mlangoni penye mwanga, akampima mabega, akampima urefu, kisha akaacha upindo mpana chini, kwa sababu mtoto alikuwa bado anarefuka.