Upepo wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ni mkulima wa korosho kule Kilangala, mtu asiyekohoa mbele ya mkwewe bila kwanza kugeuza uso. Utumbo wake ulipojisokota, alipasuliwa hospitali mjini Lindi. Kwa kuwa ilikuwa wodi ya wanaume na shemeji zangu wote wako mbali, aliyekaa kumuuguza ni mimi. Hakuna kati yetu aliyefurahi.

Daktari, kijana mmoja wa bara, alitueleza kwamba utumbo ukishikwashikwa kwenye upasuaji hulala, haupeleki kitu mbele. Mgonjwa hali mpaka uamke, na dalili ya kuamka ni moja. Kisha akauliza, wodi nzima ikisikia:

"Mzee, umeshajamba?"

Baba mkwe akatazama dari kana kwamba aliyeulizwa ni mtu mwingine. Mimi nilijifanya natafuta kandambili chini ya kitanda.

Siku ya tatu asubuhi, mfagizi akiwa anadeki, dalili ilifika. Haikuja kwa siri. Mfagizi alisimama na tambara lake mkononi. Mzee akafumba macho. Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo kwetu Miteja, nikadakia:

"Niwieni radhi, ndugu zangu. Ni mimi huyo."

Nilijiona muungwana kupita kiasi. Mzee akaushika mkono wangu akaubana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ndoa.

Saa tatu daktari akaja. "Vipi, mzee? Tayari?"

"Bado, mwanangu."

Daktari akakunja uso. Akambonyezabonyeza tumbo, akamwambia muuguzi kwamba huenda pameziba tena. Asipewe hata maji, apigwe picha, na chumba cha upasuaji kikae tayari. Niliogopa kweli. Mzee alikuwa amebaki mifupa, kisu cha pili asingekihimili.

"Daktari, ametoa," nikasema.

"Nani, mimi?" Mzee akageuza kichwa taratibu. "Huyu mkwe wangu ndiye mwenye matatizo ya tumbo. Aliomba radhi mwenyewe, watu wote wamesikia."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyefungwa plasta mguuni, akaitikia kwamba ni kweli, niliomba. Nilitamani kumvunja ule mguu uliobaki.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nisamehe. Nilidanganya kukusitiri. Ukipasuliwa tena kwa uongo wangu, mwanao akiniuliza baba yake yuko wapi, nitamjibu nini?"

Mzee akageukia ukutani.

"Basi andika ni mimi," akamwambia daktari.

Daktari akavaa kifaa chake masikioni, akalisikiliza tumbo kwa muda mrefu, akaanza kucheka peke yake. Mchana mzee akaletewa uji mwepesi. Aliunywa akiwa amenipa mgongo, nami nikatoka nje nikafuta machozi.

Jioni mke wangu alipofika, baba yake alimwita karibu.

"Mumeo ana tumbo baya," akamwambia kwa sauti ya huruma. "Asipewe mbaazi."

Ni miaka kadhaa sasa. Kila tukienda Kilangala mbaazi za nazi hupikwa, bakuli likanipita, mama mkwe akanipa pole, na mzee akala sehemu yangu bila hata kunitazama.