Baba Ethel na Sauti ya Udongo

Mume wangu Chrispin, ambaye hapa Mkunya wanamwita Baba Ethel, alikuwa fundi wa kuchimba visima vya mvua. Huku Newala maji ya bomba huja yakipenda, basi mwenye uwezo huchimbiwa shimo uani, likasakafiwa kwa saruji, mvua ya bati ikaingia humo. Alichimba na kaka yake, Bartholomayo. Siku moja ukuta wa shimo ukaporomoka, kaka mtu akiwa chini na Chrispin akiwa juu ameshika kamba ya ndoo. Alimsikia akikohoa ndani ya udongo. Walipomfikia alikuwa ameshanyamaza.

Tangu hapo usingizi ukamkataa. Jirani akipiga jembe shambani, yeye anatoka jasho na kuondoka. Ulikuwa msimu wa korosho, nami nakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, nipate uraka wa kuuza. Kwetu watu husema uraka si pombe, ni maji ya mabibo tu. Nikampa kikombe, akalala kama mtoto. Nikamshukuru Mungu. Kesho yake nikampa viwili. Simsingizii mtu, mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Mabibo yalipokwisha akahamia kwenye nipa, ile pombe kali ya kutoneshwa motoni, na hiyo haina msimu.

Misiba ndiyo iliyommaliza. Kwetu mwanamume asiyeshika jembe la kaburi atakosa wa kumzikia wake. Wachimbaji hupewa pombe kidogo ya kuondoa ubaridi, na wenzake wakimwona anatetemeka humwongezea, kwa huruma kabisa. Jioni wananiletea kwa pikipiki, mmoja amemshika nyuma kama gunia. Namvua viatu, nafuta matapishi, Ethel analia mgongoni. Nilizoea. Kuzoea nako kunachosha.

Mwaka huu nilimpeleka zahanati kwa ajili ya kidonda. Nesi mmoja, Dada Yuster, hakumuuliza anakunywa kiasi gani. Alimuuliza anasikia nini. Chrispin akalia mbele ya watu.

"Pombe haifukuzi kitu kile, Mama Ethel," Yuster aliniambia. "Inakilaza tu. Kikiamka kinaamka na njaa."

Akatuonya asiache pombe ghafla, apunguze huku wanamwangalia. Kila Alhamisi akawa anakwenda kuzungumza naye. Alikuwa na siku kumi na tisa hajaonja kitu, mama yake, Bibi Magdalena, akafariki.

Mtoto wa kiume ndiye anayeingia kaburini kumpokea mama. Chrispin ndiye pekee aliyebaki. Asubuhi ya maziko alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, mikono ameibana kwapani.

"Nikinywa kidogo nitaingia," akaniambia. "Nisipokunywa siingii. Sasa Mama Ethel, nifanyeje?"

Nilijua kwake hakuna kidogo.

Kule makaburini, mtani wetu Huruma alikuwa ameshaanza vituko vyake, kama watani wafanyavyo msibani. Amejifunga kanga ya marehemu, anaomboleza kwa sauti ya kike, akijifanya mimi: "Magdalena mkwe wangu, umeniachia huyu mlevi nani atamlisha?" Watu wakacheka na machozi yao. Kisha akamfuata Chrispin, akatoa kichupa mfukoni, akamwambia kwa sauti ya chini, bila utani wowote, nami nikasikia:

"Meza, ndugu yangu. Mama asisubiri."

Chrispin akakipokea. Nilikuwa upande wa wanawake, na mwanamke hapazi sauti pale. Nikapaza.

"Baba Ethel!"

Padre akakatiza sala. Mama mmoja akanivuta kanga: "Ukae, wewe. Aibu gani hii?" Chrispin akanitazama, akakitazama kichupa. Akamrudishia Huruma.

"Siwezi kuingia," akasema, na wote wakasikia. "Nikiona udongo namsikia Bartholomayo anakohoa. Si kwamba simpendi mama."

Mjomba mmoja akaguna, "Mwanamume gani huyu?" Huruma akafungua ile kanga, akaikunja, akampa Chrispin aishike.

"Shika nguo ya mama yako," akasema. "Kaa mbali huko. Mimi ni mtani, hata kaburi lako nitaingia."

Akashuka yeye. Chrispin akaenda hadi kwenye mikorosho, ametugeuzia mgongo, kanga ameibana masikioni. Zamu yetu ilipofika nikatupa udongo konzi moja yangu, na nyingine kwa niaba yake.

Tulirudi kwa miguu, nyuma ya watu wote. Wengine hawakutuaga. Najua yatasemwa kisimani, yatasemwa na kanisani.

"Umemtupia?" akaniuliza.

"Nimemtupia. Na wako pia."

Akaitika kwa kichwa. Akanyoosha mikono ampokee Ethel, akairudisha kwapani.

"Leo sijanywa," akasema. "Kesho sijui."

"Kesho Alhamisi," nikamwambia. "Tutakwenda kwa Yuster."

Nikamhamishia mtoto bega la pili, maana la kwanza lilikuwa limekufa ganzi, tukaendelea kutembea.